Somoe, Mimi na Dawa Nyekundu

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu. Na nyie majirani zetu wa msikitini mliokuja kukaa nasi leo kwenye mabenchi haya, amani iwe kwenu, na asanteni kwa kuja. Padri ameniomba niseme kwa ufupi. Nitajaribu, lakini mnanijua.

Naitwa Yustina Mbonde. Watoto wa hapa wananiita Bibi Mkono Mmoja, na sijawahi kuwakemea, kwa sababu ni kweli. Leo nataka niwaeleze mkono wangu wa kulia ulikwenda wapi, na kwa nini habari yake naisema kichwa changu kikiwa juu. Wengi wenu mmesikia vipande tu. Wengine mmesikia kwamba niliuzwa kwa madaktari, wengine kwamba niliombewa tu nikapona. Mnisikilize mwenyewe.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa nimeolewa karibuni na Ladislaus, na tulikuwa na mtoto mmoja. Kabla ya hapo watu wetu walikaa mbalimbali huku milimani Umatumbi. Moshi wa jirani unauona, sauti yake huisikii. Tulipoambiwa tushuke tukae kijiji kimoja, wazee wengi walinung'unika. Mimi nilifurahi, ndugu zangu. Nilikuwa napenda watu. Kwenye shamba la kijiji mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo, na mstari wa majembe ulifuata mwendo wangu. Nasema hivi si kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu kidogo.

Mchana baada ya shamba tulikuwa na darasa la watu wazima ndani ya ghala la kijiji. Sikuwahi kwenda shule. Siku niliyoandika jina langu lote bila kutazama ubaoni, nilirudi nyumbani nikaliandika ukutani kwa mkaa. Mama mkwe wangu, Mama Akwilina, alinigombeza kwa kuchafua ukuta wake, lakini hakulifuta.

Basi maumivu yakaanza begani, mkono wa kulia. Nilidhani nimejitegua kwa jembe. Mama mkwe alinichua kwa mafuta, bega likazidi kuwaka. Tukaenda kwa mganga mmoja, akanichanja chale, nayo haikusaidia. Nikaanza kukosa shambani, na mwenyekiti wetu wa kijiji akasimama mkutanoni akasema kwamba siku hizi kuna watu wanategea, na wanaotegea ni kupe. Hakunitaja, lakini wote waligeuka kunitazama. Nyie vijana hamjui uzito wa neno lile wakati ule. Mimi, niliyeanzisha nyimbo, naitwa kupe. Nilikwenda nyumbani nikalia, si kwa maumivu.

Bega likavimba, ngozi yake ikang'aa. Siku moja niliinua ndoo ya maji na mfupa ukakatika. Ulilia kama ukuni mkavu. Nilianguka palepale kisimani.

Vijana walitengeneza machela ili wanipeleke barabarani. Na mwenyekiti yuleyule ndiye aliyeshika mti wa mbele. Sikumsikia akisema lolote njia nzima, lakini hakumpokeza mtu yeyote ule mti mpaka tulipofika kwenye lori. Kwangu mimi alikuwa amekwisha sema.

Kule hospitali ya Kivinje walinipiga picha ya mfupa. Mganga wa hospitali aliitazama, akaiweka chini, akaitazama tena. Akasema tu kwamba ugonjwa huu hauwezi kutibiwa hapa, lazima niende Dar es Salaam. Ladislaus ilibidi abaki na mtoto na shamba. Mama mkwe akafunga kanga zake na unga wake, tukaondoka naye. Mimi nilikuwa sijawahi kuuona mto Rufiji. Tulipovuka kwa pantoni, lori likiwa limesimama juu ya maji, Mama Akwilina alifumba macho akashika tairi kana kwamba tairi ndilo litakalomwokoa. Nilicheka hata nikasahau bega langu. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Hospitali kubwa waliniweka wodi ya mifupa. Kitanda cha jirani alilala msichana wa umri wangu, mwembamba, goti lake limevimba kama boga. Aliitwa Somoe, mtoto wa mkulima wa korosho kutoka Nyangamara, kule Lindi. Kaka yake alimleta, akarudi kwa sababu ilikuwa msimu wa kuokota korosho. Alikuwa peke yake. Siku ya kwanza tu alimgeukia mama mkwe wangu akasema, "Shikamoo mama. Huo uji wako unanukia, au ni njaa yangu?"

"Marahaba mwanangu," akajibu Mama Akwilina, akammiminia. Tangu siku ile alikuwa na watoto wawili pale wodini. Alipika nje kwa ajili yetu sote, na saa za sala ndiye aliyempelekea Somoe maji ya kutawadha kitandani. Somoe Mwislamu, sisi Wakatoliki, na sikumbuki siku hata moja ambayo jambo hilo lilitupa shida.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Daktari wetu alikuwa Mtanzania, tulimwita Daktari Elieza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya kutuchukua vipande vidogo vya mfupa na kuvipima, alikuja akavuta kiti akakaa katikati ya vitanda vyetu viwili. Nilishangaa. Sikuwa nimewahi kuona daktari akikaa.

"Nitawaambia ukweli wote," akasema. "Mkiona sieleweki, nizuieni. Nyote wawili mna saratani ya mfupa. Ni ugonjwa wa nadra, mimi mwenyewe nimewaona wagonjwa wachache. Yustina, mkono itabidi tuukate. Somoe, mguu vilevile. Na kwenye picha za kifua tunaona ugonjwa umeshafika mapafuni, kwenu wote."

Nikamwuliza, "Mkishakata tutapona?"

"Wengi hawaponi. Tunakata, wanarudi makwao, na baada ya miezi michache tunasikia wamefariki."

Kisha akatuambia kuna dawa mpya, ya kuingiza kwenye mshipa kwa dripu. Nchi nyingine wameanza kuijaribu, na huku kwetu walitaka kufanya utafiti wao. Kuna watu imewapa nafuu. Kuna watu imewaumiza, inaweza hata kuudhuru moyo.

"Inaponya?" akauliza Somoe.

"Sijui."

"Daktari mzima, hujui?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana tunaitafiti. Wagonjwa watakaokubali watagawanywa pande mbili. Upande mmoja watakatwa na kupewa dawa hii. Upande wa pili watakatwa tu, kama tulivyozoea. Sitachagua mimi, wala hamtachagua nyie. Kuna bahasha zimefungwa, na ndani yake sijui kuna nini."

"Kwa nini usitupe wote?" Somoe hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Nikiwapa wote, sitajua kama dawa ndiyo imewasaidia, au dawa ndiyo imewaua. Na mkikataa, nitawatibu vilevile. Mkikubali, mnaweza kuacha siku yoyote mnayotaka. Fikirini. Sina haraka kuliko ugonjwa wenyewe."

Alipoondoka, Mama Akwilina aliyekuwa amesimama ukutani muda wote akasogea. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile.

"Hukubali," akaniambia. "Sikia vizuri, Yustina. Babu yangu alikunywa dawa. Walikuja watu na maji, wakasema ukinywa haya risasi za Mjerumani zitakuwa maji. Akanywa. Hatukupata hata mwili wa kuzika. Ukoo wetu umemaliza kujaribiwa dawa."

Ndugu zangu, huku milimani kwetu nani hana habari ya vita vile katika nyumba yake? Nilichukua rozari yangu, nikasali siku ile na siku iliyofuata. Sikusikia sauti yoyote. Siwezi kuwadanganya madhabahuni. Nilichopata ni wazo moja, likaja polepole, nikalishika.

Nikamwambia, "Mama, wale waliompa babu maji walisema wanajua. Huyu anasema hajui."

"Na kwa hilo ndiyo unamwamini?"

"Kwa hilo hasa."

Alichukua beseni akaenda kufua. Aliporudi, mikono imesinyaa kwa maji, akasema, "Na ukifa, Ladislaus nitamwambia nini?"

"Mwambie niliulizwa, nikajibu."

Nataka mlisikie neno hili, hasa nyie wanawake. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuambiwa. Niliambiwa nitaolewa na nani. Niliambiwa tuhame. Niliambiwa naitwa kupe. Na mengine yalikuwa mema, sikatai, mume niliyepewa ni mwema. Lakini hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kukaa mbele yangu, akanieleza yote, akaniuliza: wewe unasemaje? Naamini ni Bwana aliyekuwa akiniuliza kwa kinywa cha yule daktari. Hapo ndipo ukombozi wangu ulipoanza. Mwili ulikuwa bado mgonjwa, lakini mimi nilikuwa nimesimama.

Sista wa wodi alileta karatasi pamoja na wino wa dole gumba. Nikamwambia, "Sista, nipe kalamu." Mkono ulikuwa umefungwa na kitambaa shingoni, kila nikiusogeza naona nyota. Mama mkwe wangu, yule aliyekataa, akainama akaushika kwa chini, akaubeba kama anavyobebwa mtoto mchanga, nami nikaandika. Y, u, s, t, mpaka mwisho. Somoe, aliyekuwa amesoma shule, alikwisha kutia sahihi yake zamani na alikuwa akinicheka: "Yustina, dada, ukifika herufi ya mwisho tutakuwa tumepona wote." Jina langu ndilo neno la mwisho ambalo mkono ule uliliandika duniani. Nimeridhika nalo.

Bahasha zikafunguliwa. Yangu ilisema dawa. Ya Somoe ilisema kukatwa tu.

Hatukujua nani apewe pole na nani apongezwe. Mama Akwilina alimshika Somoe mikono yote miwili akamwambia, "Mwanangu, wewe umeokoka." Sote pale tuliamini hivyo, hata mimi.

Nikakatwa mkono. Somoe akakatwa mguu. Nilipopata nguvu kidogo, wakaanza dawa. Ilikuwa nyekundu, ndugu zangu, nyekundu kama juisi ya rozela, na mkojo wako ukitoka baadaye ni mwekundu vilevile, unadhani unamwaga damu. Nilitapika mpaka sikuwa na kitu cha kutapika. Nywele zangu zilibaki kwenye mto. Mdomo wote ulikuwa vidonda, hata maji yalinichoma. Wananipumzisha, napata nafuu, kisha wananiita tena kwenye dripu.

Na Somoe? Somoe alinawiri. Kidonda chake kilipona upesi, akajifunza kutembea na magongo akawa anazunguka wodi nzima akisalimia watu. Nywele zake nzuri, anasukwa na manesi. Nilikuwa namtazama nasema moyoni, laiti bahasha yangu ingekuwa yake.

Siku moja nilimwambia, "Nimechoka. Kesho namwambia daktari basi."

"Mwambie," akasema. "Ni haki yako, alituambia. Lakini maliza kwanza uji huu, nimetembea na mguu mmoja kuuleta."

Nilikunywa uji ule kwa machozi. Alipokwenda nilitaka kusali, nikakosa maneno. Nikasema tu, "Bwana, sina nguvu za kukuomba kitu. Kaa hapa." Ndugu zangu, alikaa. Sijui niwaelezeje. Maumivu hayakuondoka, kutapika hakukukoma, lakini nilijua siko peke yangu kitandani pale. Asubuhi Daktari Elieza alipopita aliniuliza kama naendelea. Nikanyoosha mkono nilionao, nikamwambia atafute mshipa.

Muda ukapita. Somoe aliruhusiwa, akarudi Nyangamara kwa meli ya Lindi, kwa ahadi ya kurudi kuangaliwa. Mimi niliendelea. Kisha ikafika siku ya kupiga picha ya kifua. Daktari Elieza aliishika picha ile mbele ya dirisha, akaiteremsha, akaenda kuleta ya zamani, akaziweka pamoja. Akamwita daktari mwenziwe. Wakazungumza Kiingereza. Mimi namwangalia usoni tu.

"Vivuli vimepungua," akaniambia. Na picha iliyofuata, baada ya dripu nyingine, akasema, "Yustina, sivioni." Alirudia neno hilo kana kwamba anajiambia mwenyewe. Sivioni. Mama Akwilina alikaa chini sakafuni, pale pale, akajifunika uso kwa kanga.

Bwana ametenda, ndugu zangu. Nilistahili kufurahi siku ile, na nilifurahi. Lakini wiki ileile Somoe alirudi kuangaliwa, na alipoingia mlangoni nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anakohoa.

Daktari Elieza alikwenda kuzungumza na wakubwa wake, akarudi akasema wameruhusu Somoe apewe dawa nyekundu mara moja, habari ya pande mbili basi. Wakampa. Sasa mimi ndiye niliyebeba uji. Lakini mapafu yalikuwa yamekwisha kujaa, na mwili wake haukuwa na nguvu ya kuipokea dawa. Alijua. Aliniita karibu, maana sauti ilikuwa imeisha.

"Usije ukanililia kama mtu aliyedanganywa," akasema. "Nilisikia yote uliyoyasikia wewe. Nilikubali. Baba anadhani walinidanganya. Nenda ukamwambie."

"Nitakwenda."

"Na usivae kanga ile ya kijani. Haikupendezi."

Alifariki mchana, Mama Akwilina ameshika kikombe cha maji karibu na mdomo wake. Waislamu wa jirani na hospitali walimzika vizuri sana kama mtoto wao. Mama mkwe alisimama nje ya ukuta wa makaburi mpaka wakamaliza, jua kali, hakukubali kukaa.

Ndugu zangu, kuna watu wema wananiambia: Yustina, Mungu alikupenda wewe. Nawaomba msiniambie hivyo. Kwani Somoe, Mungu hakumpenda? Siwezi kusimama hapa nikasema bahasha yangu ilikuwa upendo na ya mwenzangu ilikuwa chuki. Miaka yote hii sijapata jibu, na nimeacha kumdai Bwana jibu. Najua alikaa kitandani pangu. Naamini alikaa kitandani pa Somoe pia.

Siku ya kuruhusiwa nilimwuliza Daktari Elieza swali lililokuwa likinichoma. Nikamwambia, "Ya kwangu naiona faida. Ya Somoe ilikuwa nini?"

Alivua miwani. "Yustina, upande wenu wa dawa si wote waliopona. Wengi wamefariki, wewe unawajua. Kama tungewatazama nyie tu, tungesema dawa imeua hawa, na yule mmoja ana damu nzuri. Ni kwa kuwatazama wale wa upande wa Somoe ndipo tulipoona kwamba waliopewa dawa walibaki hai wengi zaidi. Bila yeye tusingejua. Sasa kila atakayekuja na ugonjwa huu ataipata. Hakuna kufungua bahasha tena."

Nikamweleza mama mkwe maneno hayo njia nzima ya kurudi wodini. Alifunga mizigo. Kisha akasema, "Hatuendi nyumbani kwanza. Tunakwenda Nyangamara."

Tulipanda meli mpaka Lindi, tukapata lori la kwenda bara. Baba yake Somoe, Mzee Hamisi, tulimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anachagua korosho. Tulimsalimia, tukajieleza sisi ni nani. Akatukaribisha kwa heshima, tukaletewa maji, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Nilimpa nguo za mwanawe. Alizipokea akaziweka magotini.

Akaniangalia bega langu lisilo na mkono, akaniuliza, "Wewe walikupa dawa?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu wakamnyima."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote yakapotea. Mama Akwilina ndiye aliyejibu.

"Kaka yangu," akasema, "mimi niliikataa dawa ile kabla yako. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Daktari alisema hajui. Alisema hivyo mbele ya mwanao, na mwanao akamhoji kuliko sisi sote. Hakuogopa. Kisha akashika kalamu akasema, haya, basi tujue. Na sasa wanajua. Mtoto wa mtu mwingine leo anaumwa kule Dar es Salaam, anapewa dawa bila kuchaguliwa, kwa sababu ya mwanao. Mimi nilimpa maji ya mwisho. Nimekuja kukuambia ulizaa mtu."

Vidole vya Mzee Hamisi vilikuwa vinapapasa pindo la nguo ile. Kisha akageuza kichwa akaita watu waliokuwa ndani, mke wake, watoto wake, majirani waliokuwa wakichungulia. "Njooni mkae," akasema. "Mama, tafadhali, sema tena. Taratibu. Na hawa wasikie."

Akasema tena. Na mimi, sauti ikiwa imenirudia, nikaongeza yangu, habari ya uji na magongo, na jinsi alivyokuwa akinicheka. Mama yake Somoe alicheka huku analia. Mzee Hamisi akasoma dua, nasi tukasali ya kwetu. Tulipoondoka alitusindikiza hadi barabarani, na kila mtu tuliyekutana naye alimsimamisha akamwambia, "Hawa ni wageni wa Somoe, mwanangu aliyewafundisha madaktari." Alisema kwa sauti. Alikuwa ananyoosha mgongo akisema.

Nilirudi hapa kijijini na kitambaa kichwani kwa kukosa nywele. Watu walikuwa wamelima shamba langu muda wote sikuwepo, wakapalilia, na chakula cha Ladislaus na mtoto hakikukosekana. Hilo nalo ni katika ukombozi wangu, nisiposema nitakuwa mwizi wa shukrani. Ladislaus alinikatia jembe la mpini mfupi. Nikajifunza kulima kwa kushoto, kuandika kwa kushoto, na baadaye nikafundisha hilo darasa la watu wazima, hata baadhi ya baba zenu nimewashikisha kalamu mimi. Nikazaa watoto wengine. Nimekuwa mzee, jambo ambalo hakuna aliyeniahidi.

Mama Akwilina hayupo tena. Mpaka mwisho alipoulizwa ana watoto wangapi, alimhesabu na Somoe.

Basi ndugu zangu, namshukuru Bwana aliyekaa nami. Nawashukuru madaktari waliokuwa na moyo wa kusema hatujui. Namshukuru mama mkwe aliyenishika mkono hata alipokuwa hakubaliani nami. Na Somoe wa Nyangamara, nasema jina lake hapa kanisani kwa fahari yote niliyo nayo.

Nimebakiza moja. Najua katika umati huu kuna mtu mwenye uvimbe amefunika kwa nguo. Kuna mama ana mtoto analalamika mguu na wanasema ni kukua. Mwamini Bwana, na umwamini kwa miguu, uende hospitali. Ukifika usiogope kuuliza. Uliza mpaka wachoke. Kama huwezi kwenda peke yako, baada ya baraka nitakuwa nimekaa mlango wa pembeni pale. Njoo, uwe wa kanisani au wa msikitini, hata kama hutaki mtu ajue. Hatutasema mengi. Lori la Kivinje linaondoka kesho asubuhi, na nafasi mbili nimekwisha kuziomba.